Mita Mbili na Sentimita Ishirini na Nane

Olinka anasema redio inakufa angani.
Chini hapa, anasema, inaongea vizuri kuliko wewe, Wassillie.
Angani, nikishauvuka mto, inameza maneno,
na mnara wa Bethel unaniita mara tatu
kama mama anayemwamsha mtoto wa shule.

Mara mbili mwaka huu nimeing'oa redio hiyo,
mara mbili imekwenda Anchorage ndani ya sanduku,
mara mbili imerudi na karatasi ileile:
haina kasoro.
Mara ya tatu nilikuwa na neno tayari kuhusu masikio ya Olinka.
Nikalimeza. Yeye ndiye anayebeba nepi, betri na majeneza
hadi vijiji visivyojua barabara.

Leo redio sikuigusa.
Nimechomeka kipimo cha wati kati yake na waya.
Wati nane zinakwenda, hazirudi hata robo.
Ndani ya banda, birika likichemka,
ndege hii ni nzima kuliko mimi.

Basi tukaisukuma nje, mimi na kijana Gusty,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
tukaiacha ipoe saa nzima
hadi kope zikashikana na koleo ikanata kwenye glavu.
Nikabonyeza tena.
Nane zinakwenda. Tatu na nusu zinarudi,
kama wajumbe waliokuta mlango umekomewa.

Samahani, Olinka. (Nilisema kimoyomoyo.)

Nikafunga ile mashine ndogo ya manjano
inayopiga ukelele ndani ya waya na kungoja mwangwi.
Mwangwi ukajibu: mita tatu, sentimita arobaini na tano.
Gusty akavuta utepe, akapima, akapima tena.
Waya wote, mwanzo hadi antena, ni mita mbili na themanini.
"Kwa hiyo kasoro iko nje ya ndege," akasema,
"hewani, pale anapopita kunguru."
Akacheka, mvuke ukamfunika uso.

Mimi nilijua nilichosahau:
kuiambia mashine ni waya wa aina gani,
kwamba ndani ya plastiki ile wimbi halikimbii,
linatembea kama mtu aliyevaa viatu vya theluji,
theluthi mbili tu za mwendo wake.
Nikarekebisha. Namba ikasogea, ikatulia.
Mbili, ishirini na nane.

Juu ya kiti cha tatu, nyuma ya kitambaa cha dari.
Skrubu kumi na nne, kwa vidole visivyosikia.
Kiungo, kimevikwa mpira mweusi,
kimetulia kama hakijamkosea mtu.
Nikakitikisa: sindano ikaruka.
Nikapasua mpira kwa wembe.
Lehemu ya kijivu, ya chembechembe, isiyong'aa,
kazi ya mkono uliokuwa na haraka,
na mwanya mwembamba kuliko unywele
unaofumba kwa joto, unaofumbua kwa baridi.

Kwenye mpira, kwa wino mweupe: W.A.,
na tarehe ya miaka kumi na moja iliyopita.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Na nguo hii niliishona mwenyewe.

Nimejaribu kuikumbuka siku hiyo.
Huenda kulikuwa na mgonjwa anangoja kupelekwa kliniki.
Huenda mto ulikuwa unaganda na mashua yangu bado majini.
Huenda sikuwa na sababu yoyote.

Gusty aliziona herufi. Akaangalia pembeni, akanipa kalamu.
Daftari la ndege lina nafasi finyu ya kuandika chanzo:
Lehemu mbovu, kazi ya W. Alexie.
Waya mpya, mmoja, hauna kiungo.
Umepimwa nje.

Saa tisa alasiri, kutoka juu ya Tuluksak,
sauti ya Olinka imejaa banda zima, safi, kila herufi.
Anasema kipasha joto kinanuka.